Herufi Mbili Kifuani mwa Kasoki

Kasoki alianza kuogopa akiwa mtoto wa kung'oka meno, mwaka ule waasi walipokaribia Butembo. Baba yake, Wenceslas, alikuwa mfanyabiashara wa kahawa na maharage, mtu wa safari ndefu, na alizijua njia zote za kupitia. Alimpeleka Kasoki mpaka Kasindi akiwa amelala katikati ya magunia, akamvusha mto wa mpakani, akamkabidhi kwa dada yake Léocadie, aliyeolewa ng'ambo, huko Bwera, upande wa Uganda.

"Utakaa kwa shangazi kidogo tu," alimwambia. "Mambo ikitulia nitakuja kukukamata turudi kwetu."

Mambo yalitulia, yakavurugika, yakatulia tena. Wenceslas alikuwa akija na magunia yake na kurudi nayo, lakini kila alipokuja alimkuta mtoto yuko shuleni, na shule ya misheni ya kule ilisifiwa sana. Mwisho akaona amwache.

Watu wa Bwera na watu wa Butembo lugha yao ni moja na mashamba yao yanatazamana. Ni mpaka tu uliowakata katikati. Kwa hiyo Léocadie hakupata shida kumwandikisha mtoto shuleni kama binti yake wa kuzaa, kwa jina la Biira. Siku ya kwanza, kabla hawajafika kwenye mlango wa darasa, alimshika kidevu.

"Ukiulizwa, mimi ndiye niliyekuzaa. Ukikosea siku moja tu, wewe watakurudisha na mimi watanifunga. Umesikia?"

Kasoki alisikia vizuri mno. Toka siku hiyo kila mwalimu alipoita "Biira" alitazama kwanza mlangoni, ndipo akaitika. Alijifunza kuwatazama watu machoni, kutafuta kama kuna aliyegundua.

Hapo shuleni ndipo alipokutana na netiboli. Ni mchezo wa wasichana, saba kila upande, na kila mmoja ana herufi kifuani zinazoonyesha kazi yake na mahali anaporuhusiwa kukanyaga. Mpira haudundwi, wala mtu hatembei nao. Ukiudaka unasimama, unautoa upesi. Goli ni pete ya chuma juu ya mti mrefu, bila ubao nyuma yake. Kasoki alikuwa mrefu kuliko wote, mikono kama makasia, basi mwalimu akamvalisha herufi G na K, akamweka nyuma kabisa chini ya pete. Kazi yake ilikuwa moja: kuzuia. Kufunga hakuruhusiwi, wala kuvuka kwenda upande wa mbele.

Ilimfaa. Msichana aliyezoea kupeleleza macho ya kila mtu hakupata shida na macho ya mfungaji. Alijua mpira utakwenda wapi kabla haujatoka mkononi. Alipomaliza shule alipata kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja ya Kampala iliyokuwa na timu yake, na haukupita muda mrefu akaitwa kwenye timu ya taifa. Alicheza Dar es Salaam, alicheza Lusaka. Magazeti yaliandika kuhusu Biira, ukuta wa Uganda.

Wenzake walifikiri ana kiburi, maana hakuwa na maneno mengi. Hawakujua kwamba wimbo wa taifa ulipopigwa kabla ya mechi, wao wakinyoosha shingo, yeye alikuwa akiomba Mungu asitokee mtu kwenye majukwaa, mchuuzi yeyote wa Butembo, akaita kwa sauti, "Kasoki, mutoto wa Wenceslas." Viganja vilimlowa jasho mpaka akavifuta kwenye sketi kabla ya kuugusa mpira.

Halafu kikaja kitu kingine cha kuogopa, kikubwa kuliko cha kwake. Nahodha wa timu alikuwa Nakibuuka, mlinzi mwenzake, msichana mcheshi aliyekuwa akimsuka Kasoki nywele kwenye safari. Alasiri moja wakiwa mazoezini gari lilisimama kando ya uwanja, wanaume wawili wakashuka, wakamwita Nakibuuka kwa adabu kabisa. Alikwenda akiwa bado na herufi zake kifuani. Gari likaondoka. Kocha alitazama saa yake, akapuliza filimbi, wakaendelea kurusha mpira. Juma lililofuata herufi za Nakibuuka alipewa msichana mwingine, na jina lake halikutajwa tena.

Kasoki hakulala vizuri toka siku hiyo. Alijiambia: kama watu wa usalama wanamfanyia hivi mtoto wao wenyewe, mimi nisiyekuwa hata Biira watanifanya nini?

Alivumilia kwa sababu hakujua la kufanya. Vita vilipoanza kusogelea Kampala, mwanzoni mwa mwaka wa 1979, aliacha mashine yake ya chapa na karatasi ndani yake, akapanda garimoshi la Kasese. Alibeba nguo chache na picha moja ya timu aliyoishonea ndani ya upindo wa kitenge. Huko Bwera shangazi Léocadie hakumwuliza kitu. Alimpa ndizi za njiani, akamwambia kwamba baba yake alikwisha kufariki mwaka uliopita na mama yake anaishi Goma, katika mtaa wa Mapendo. Kasoki alilia kidogo, akavuka mto.

Alisafiri juu ya lori la vitunguu kutoka Butembo, akashuka mlima wa Kabasha, akapita Rutshuru na Rumangabo. Kila kizuizi cha njiani askari walipopandisha mkono alihisi moyo wake umesimama pamoja na lori. Walipofika Kanyaruchinya dereva aliwaonyesha mahali moto wa Nyiragongo ulikoshukia miaka miwili nyuma. Mawe yalikuwa meusi, na watu walikwisha kupanda maharage katikati yake.

Mama yake, Marcelline, alikuwa amechoka na maisha lakini macho yake yalikuwa mazima. Alimpapasa mgeni usoni, mabegani, mikononi, kama mtu anayechagua kitambaa sokoni.

"Njo weye," alisema, yaani ndiye wewe. "Urefu ni wa baba yako."

Waliishi katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe. Kasoki alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, hajui Kifaransa, na Kiswahili chake cha Kampala kiliwachekesha majirani. Alitoka kidogo sana. Alipika, alichota maji ziwani, Jumamosi alikwenda kwenye salongo kama watu wote, kuondoa mawe barabarani kwa faida ya mtaa. Polepole akaanza kuamini kwamba ameponea.

Lakini mama ni mama. Marcelline alikuwa amekosa mtoto wake miaka kumi na mitano, na sasa alikuwa na picha ya kuwaonyesha watu. Alimwonyesha jirani yake, Mama Nshobole, aliyekuwa akiuza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni. Mama Nshobole hakuwa mtu mbaya. Alifurahi tu, na furaha yake haikuwahi kukaa ndani ya nyumba.

"Mutoto wa Marcelline alichezea Uganda nzima," aliwaambia wateja wake huku akipima sambaza. "Muko nacheka? Mi niliona foto na macho yangu."

Wakati huo askari wa serikali iliyoanguka Uganda walikuwa wakivuka mpaka kwa makundi, na watu wa usalama wa Goma walikuwa wakimtafuta kila aliyetoka upande huo. Wanaume wawili walimfuata Kasoki kwenye salongo, jembe likiwa mkononi mwake. Wakamwita kwa adabu. Adabu hiyo aliifahamu toka siku ya Nakibuuka.

Ofisi ilikuwa nyumba ya zamani ya Mzungu karibu na ziwa, yenye maua ya bougainvillea mlangoni. Mkuu wake aliitwa Lokwa, mtu wa mkoa wa Équateur, mwenye sauti ya chini na kucha safi. Mezani mbele yake ilikuwapo picha. Walikuwa wamekwisha kupita nyumbani.

"Sitwayeni, mwananchi, kaa. Jina?"

"Kasoki."

"Na kule Kampala walikuita Kasoki?"

Aliona hana pa kujificha. "Hapana, shefu. Waliniita Biira."

"Mutu wa majina mawili." Lokwa aliigeuza picha kwenye mwanga. "Na nguo ya kuacha mapaja nje. Hapa kwetu mwanamuke anavaa pagne, kitenge. Sasa hizi lettres kifuani. G, K. Hiyo njo Garde Kampala, askari wa Kampala?"

Kasoki hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alijibu upesi.

"Hapana, shefu. Ni mchezo. G na K ni mlinzi wa goli, kwa Kiingereza."

"Mlinzi wa nani?"

"Wa goli, shefu. Kama gardien wa futboli, lakini ni mpira wa mkono. Kuna pete juu…"

"Basket."

"Si basiketi. Mpira haudundi. Na ukiushika hutembei."

Lokwa aliiweka picha mezani. "Basket ambayo mutu hatembei," alisema kwa upole. "Miaka yote hii kazini, watu wananiambia uongo muzuri kuliko huo."

Kasoki alijaribu kueleza zaidi, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mwenyewe kwamba anatunga. Mchezo uliojaza ujana wake wote, ukiusema kwa maneno ndani ya chumba kile, ulikuwa upuuzi. Mwisho Lokwa aliinuka, akafungua mlango wa nyuma.

"Tuonyeshe."

Walinzi walikuwa wakipumzika uani. Mmoja alileta mpira wao wa futboli, mwingine akapata duara la chuma la pipa, wakalipigilia misumari juu ya mti wa mkalatusi. Watu wakajipanga kutazama. Kasoki alisimama chini ya chuma lile na mpira mikononi, na ndipo alipokumbuka jambo ambalo halikuwa limemjia: katika mechi zake zote, toka shule mpaka Lusaka, hakuwahi kurusha mpira kwenye goli hata mara moja. Sheria ilimkataza.

Alirusha. Mpira ukagonga mti. Akarusha tena, ukapita juu. Mara ya tatu mpira haukufika hata kwenye chuma.

"International," alisema Lokwa, na walinzi wakacheka.

"Shefu, mimi sifungi," Kasoki alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo na aliichukia. "Mimi nazuia. Mwingine arushe, ndipo utaona."

Lokwa aliashiria kwa kidole. Aliyetoka mbele alikuwa mlinzi mmoja, kijana wa mtaa wa Mapendo aitwaye Honoré, mchezaji wa basiketi wa Goma, anayejulikana mji mzima kwa mkono wake. Alivua kofia, akachukua mpira akitabasamu. Kasoki alirudi hatua moja nyuma, kama sheria inavyotaka, akainua mkono. Walinzi waliona mwanamke mrefu aliyekauka kwa woga. Yeye aliona macho ya Honoré tu. Yalipanda kwenye chuma, yakashuka kidogo kushoto. Mpira ulipotoka, Kasoki alikwisha kuruka, na alitua ardhini akiwa nao kifuani mwake.

Kicheko cha walinzi kilipasuka, safari hii juu ya Honoré. Lokwa hakucheka. Honoré naye hakucheka. Kasoki alikumbatia mpira, akajua amefanya kosa baya: amemwaibisha mtu wa ofisi mbele ya mkubwa wake.

"Rudia," alisema Lokwa.

Mara ya pili Honoré alijifanya anarusha, akangoja, kisha akarusha kweli. Kasoki aliruka akachelewa, mpira ukapita katikati ya chuma. Mpaka uzeeni hakuweza kusema kama alichelewa kwa woga au kwa akili. Walinzi walipiga makofi, Honoré akavaa kofia yake, hewa ikarudi uani.

"Bon," alisema Lokwa. "Ni mchezo. Lakini mutu wa majina mawili anabaki na majina mawili. Kila Vendredi utakuja hapa nikuone."

Kila Ijumaa, basi, Kasoki alikwenda. Alikaa kwenye benchi la ukumbini toka asubuhi; siku nyingine Lokwa alitokea mlangoni mara moja, akamtazama, akasema aende, siku nyingine alisahauliwa pale mpaka walipofunga. Alivaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, ili wakimzuia awe na cha kujifunika. Alhamisi hakula. Mama yake alimsindikiza mpaka kwenye kona, na toka siku walipokuja kumchukua, Mama Nshobole alikuwa akiacha sambaza mlangoni pao bila kubisha.

Ilikuwa hivyo karibu miaka miwili. Ijumaa moja Honoré alipita ukumbini, akasimama mbele yake.

"Kasoki, unakuja kwa nani?"

"Kwa shefu Lokwa."

"Lokwa walimuhamisha, iko kitambo. Aliisharudi Mbandaka na bibi na watoto. Hakuna mutu hapa anakujua tena."

"Hakuniambia niache."

Honoré alikaa kando yake kwenye benchi. Alikuwa mtu wa maneno machache pia. "Rudia nyumbani," alisema. Kisha akaongeza, "Ekipi ya wanawake ya basket inatafuta mutu murefu. Kesho, ku shule ya Lycée, saa kumi."

Kasoki alikwenda kesho yake kwa sababu aliogopa kumkatalia mtu wa ofisi ile. Hakuna sababu nyingine. Alipofika ikabidi ajifunze kudunda mpira kama mtoto, na wasichana wadogo wakamcheka, hasa Henriette, aliyekuwa mwepesi na mwenye ulimi mkali. Kila aliposhika mpira miguu yake ilijifunga yenyewe, ikingoja filimbi. Lakini chini ya chuma hakuna aliyepita. Msimu wa pili walishuka Bukavu kwa mashua, wakawashinda wenyeji, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake watu waliimba jina lake, la kweli, Kasoki, na alipolisikia alitaka kukimbia.

Mwaka wa 1982 habari ilitoka Kinshasa. Walikuwa wanawaita wachezaji wa mikoa waje wajaribiwe kwa timu ya taifa, na kutoka Goma walimtaja yeye. Marcelline alipiga magoti palepale kwenye mawe akashukuru. Mtaa mzima ulikuja kumpongeza.

Kasoki alitabasamu, akashukuru, akaingia ndani. Alijua maswali yatakayoulizwa kule. Umesoma wapi? Umecheza wapi? Ulichezea nani kabla? Aliona chumba, meza, mtu mwenye kucha safi akigeuza picha kwenye mwanga, na safari hii mama yake hatakuwa kwenye kona. Alitamani kuivaa jezi ya kijani ya timu ya taifa kiasi kwamba aliota anaivaa. Woga ulikuwa na nguvu zaidi.

Asubuhi yake alitoka nje akichechemea. Goti, alisema. Limevimba ndani, halionekani. Kocha alikuja akalibonyeza, akasikitika. Marcelline alichemsha majani akalikanda. Kasoki alichechemea ziwani, alichechemea sokoni, alichechemea kwenda kanisani, na kila hatua aliona aibu mbele ya mama yake aliyekuwa akimbebea ndoo.

Siku mbili kabla ya ndege kuondoka Honoré alikuja akamkuta anachambua maharage nje. Kasoki aliinuka kumpisha kiti, akachechemea mpaka ukutani.

Honoré alimtazama miguu kwa muda, kama anavyofanya mchezaji.

"Kasoki. Jana ulikuwa mguu wa kushoto."

Ungo ulimtoka mikononi. Maharage yalitawanyika juu ya mawe meusi. Alisubiri lile lililokuwa likimsubiri toka utotoni, mtu wa kusema mbele yake kwamba amejua. Marcelline alikuwa ndani akipuliza moto, kikohozi chake kikisikika.

"Utasema?" aliuliza Kasoki.

Honoré aliinama akaanza kuokota maharage. Hakuharakisha. Alipojaza viganja aliyarudisha kwenye ungo.

"Niseme nini? Mguu unauma," alisema. "Lakini inafaa tuchague. Tuchukue wa kushoto, njo ule kocha alishika."

Alitoa mfukoni bendeji ya kitambaa, ile wanayofungia vifundo vya miguu kabla ya mechi, akapiga goti na kuizungusha kwenye goti lake la kushoto, vizuri, kwa kubana, mpaka hata akitaka kutembea sawasawa asiweze. Kasoki alishika ukuta.

Henriette ndiye aliyekwenda Kinshasa badala yake. Alirudi na jezi ya kijani na hadithi nyingi, akazisimulia uwanjani wiki nzima, na Kasoki alisikiliza zote akiwa amekaa kando, mguu umenyooshwa. Siku alipoivua bendeji goti lilikuwa limekakamaa kweli, na ilimchukua muda kulirudisha. Akaendelea kuichezea Goma msimu baada ya msimu, hakuvuka tena mpaka wowote, na mama yake alikufa akiamini ni goti.

Aliolewa na Honoré baadaye. Watoto wao walipomwuliza kwa nini baba aliacha ile kazi nzuri ya ofisini akaenda kuendesha lori la saruji, alisema baba yao alichoka na lile benchi la ukumbini. Hawakujua ni benchi gani, na yeye hakuwaeleza.